Tusome kipande kwa kipande: kifurushi cha kusoma kikipimwa kwa kaunti ndogo nzima

Mkurugenzi wa elimu anayetaka kuinua shule zote za kaunti ndogo yake, zikiwemo zile zisizofikika mvua ikinyesha, hana vitu vingi vya kuchagua. Kuna mock ya pamoja, ambayo hupima zaidi ya inavyofundisha. Kuna masomo ya ziada ya alfajiri, ambayo humfaa mtoto anayejua kusoma tayari. Kuna mikutano ya kuhamasisha walimu wakuu, yenye chai na mandazi. Halafu kuna Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika gredi za chini. Huo ulifikishwa shule za msingi za umma za Kenya nzima kuanzia 2015, na matokeo yake yakapimwa na wakaguzi wa nje.

Ilikuwa kazi ya Wizara ya Elimu, ikitekelezwa na shirika la RTI International kwa fedha za USAID na serikali ya Uingereza. Kabla yake kulikuwa na jaribio la PRIMR, 2011 hadi 2014, katika kaunti kama Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu. Wafadhili wamekwenda zao, na USAID yenyewe ilifungwa 2025. Kwa hiyo swali la ukaguzi huu ni la mnunuzi wa leo: kaunti ndogo ikiamua kuendesha kitu hiki kwa mikono yake, kipande gani kina thamani, kipi huharibika kwanza, na kipi kinaweza kuachwa dukani?

Vipande ni vinne: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu wa somo kwa somo, ziara za CSO (afisa wa mtaala wa kanda) darasani, na takwimu za usomaji zinazorudi ofisini. Watu wengi hukumbuka kitabu, kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Kinachobeba mzigo ni ziara.

Tuanze na kitabu hata hivyo. Vitabu vya Tusome vya Kiswahili na Kiingereza vilitolewa kwa uwiano wa mmoja kwa mmoja, na hilo peke yake lilikuwa badiliko kubwa katika madarasa ambako watoto wanne walikuwa wakinyoosha shingo juu ya ukurasa mmoja. Mtoto anayesoma kichwa chini, akiwa upande wa pili wa dawati, hajifunzi herufi. Anajifunza kufuata sauti ya mwenzake. Mpangilio wa kurasa ni mzuri: maandishi makubwa, picha moja, silabi na maneno machache, kisha hadithi fupi inayotumia silabi hizo hizo.

Udhaifu wake uko nje ya kurasa. Mwalimu mkuu anajua kwamba kitabu kikipotea ataulizwa yeye, basi vitabu vinafungiwa stoo na kutolewa wageni wakija. Kwenye rejista uwiano ni 1:1, darasani ni sifuri. Dalili ni rahisi kuiona: kitabu cha muhula wa pili ambacho kona za kurasa bado zimenyooka hakijatumika. Kitabu kilichotumika na watoto wa miaka sita kina kona zilizokunjamana, na jalada lake linaanza kuachana na pini. Dawa iliyofanya kazi katika shule nyingi ni ya bei ndogo: kila kitabu kipewe nambari ya mtoto kwenye rejista ya darasa, mtoto nambari 27 apate kitabu nambari 27, na jalada livikwe karatasi ya khaki au nailoni siku ya kwanza. Hasara inafuatiliwa kwa dakika mbili, na mwalimu mkuu analala usingizi. Tenga pia nakala za akiba kwa watoto wanaohamia katikati ya muhula. Wakikosa, mwalimu atawabana wawili wawili, na wiki tatu baadaye hali ya zamani imerudi.

Mwongozo wa mwalimu ndio uliogombewa zaidi. Unampa mwalimu somo la siku, hatua kwa hatua, pamoja na maneno ya kusema. Mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza miaka ishirini hapendi kuambiwa aseme nini, na malalamiko hayo hayakuwa ya uvivu. Lakini tazama somo la Kiswahili la dakika 30 kwa karibu. Sauti mpya, tuseme /m/: mwalimu anaitamka peke yake, kisha pamoja na darasa, kisha watoto peke yao. Silabi ma me mi mo mu: hivyo hivyo. Maneno mama, moto, mimi: hivyo hivyo. Kisha hadithi: wanatabiri kutokana na picha, mwalimu anasoma, wote wanasoma kwa kidole chini ya neno, wawili wawili wanasomeana, maswali mawili matatu. Mwalimu asiye na mwongozo, mara nyingi, hutumia dakika 20 kati ya hizo 30 kuandika ubaoni huku watoto wakinakili. Mwongozo unamrudishia muda huo. Uchambuzi wa data za PRIMR ulionyesha kwamba mafunzo ya walimu na ziara vikiambatana na vitabu vya 1:1 na miongozo hii huleta faida kubwa kuliko vikitolewa bila miongozo. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: chukua mwongozo, umeze malalamiko, na umruhusu mwalimu mzoefu aachane na maneno ya mwongozo ilimradi hatua zote ziko.

Kasoro ya kweli ya mwongozo ni mwendo. Unasonga na kalenda. Mtoto aliyekosa wiki mbili kwa malaria, au aliyeingia bila kupita chekechea, anakuta darasa liko kwenye mb na nd wakati yeye bado anachanganya b na d. Mwongozo haumsubiri. Kaunti ndogo inayotaka kuinua walio chini lazima iongeze kitu ambacho hakimo kwenye kifurushi: nusu saa, mara tatu kwa wiki, watoto wagawanywe kwa kiwango cha kusoma bila kujali gredi. Kundi la herufi, kundi la silabi, kundi la maneno, kundi la hadithi. Mwalimu mmoja huchukua makundi mawili ya jirani. Bila hilo, wastani utapanda na mkia utabaki palepale.

Kuna pia mtego wa kwaya. Darasa la watoto 70 likisoma kwa sauti moja husikika vizuri mno. Mgeni akisimama mlangoni anaondoka ameridhika. Ingia, chagua mtoto wa safu ya nyuma, funika picha kwa kiganja, mwonyeshe neno la mstari wa mwisho badala ya la kwanza. Ikiwa ameiimba hadithi kwa kichwa, atakutazama usoni au atakusomea mstari wa kwanza. Kila CSO anapaswa kulifanya hili kabla ya kusema neno lolote la pongezi.

Sasa ziara, ambapo mpango wote hupona au hufa. CSO, aliyekuwa akiitwa TAC tutor, ni mwajiriwa wa TSC, tume ya kuajiri walimu. Kabla ya Tusome wengi wao walikuwa wabeba barua: kukusanya takwimu, kusambaza mitihani, kusimamia michezo. Tusome iliwapa kishikwambi chenye fomu ya kutazama somo, na nauli ikalipwa kulingana na ziara zilizopakiwa, mahali pa ziara pakithibitishwa na GPS. Ni utaratibu mkali kidogo, lakini ulitatua tatizo ambalo semina hazikuwahi kulitatua: afisa sasa alikuwa na sababu ya kufika shule ya mbali, na kulikuwa na ushahidi kama hakufika.

Ziara nzuri ina sehemu tatu. CSO anakaa nyuma somo zima, dakika zote 30, bila kumkatiza mwalimu. Kisha anapima watoto watatu. Kisha anakaa na mwalimu, nje au chini ya mti, wanakubaliana jambo moja la kubadilisha kabla ya ziara ijayo. Moja. Mwalimu akipewa mambo tisa atafanya sifuri. Kosa la kawaida zaidi ni CSO kuishia ofisini kwa mwalimu mkuu, kutia saini kitabu cha wageni, kunywa chai na kujaza fomu hapo hapo. GPS haioni tofauti kati ya ofisi na darasa, kwa hiyo nauli inalipwa. Njia ya kulikamata: linganisha alama za watoto watatu na jedwali la darasa. Alama za kubuni huwa nadhifu mno, zinaishia na 0 na 5, na hazina hata mtoto mmoja aliyepata sifuri.

Watoto hao watatu wachaguliwe na rejista, si na mwalimu. Darasa la watoto 60, chukua nambari 10, 30 na 50. Asiyekuwepo, chukua anayefuata. Mwalimu akiachiwa kuchagua, utaletewa dawati la mbele.

Kupima kwenyewe ni dakika moja kwa mtoto. Mpe kifungu asichokiona kabla. Anza saa anapotamka neno la kwanza. Akikwama kwenye neno kwa sekunde 3, liwekee alama ya kosa na umwonyeshe linalofuata, usimsomee. Akijirekebisha mwenyewe, hesabu kuwa sahihi. Akikosa maneno yote ya mstari wa kwanza, simamisha kwa upole na uandike sifuri. Sekunde 60 zikiisha, toa makosa kwenye maneno aliyofikia: amefika neno la 38, amekosa 5, ana 33 kwa dakika. Akimaliza kabla ya muda, zidisha: maneno 52 sahihi kwa sekunde 48 ni 52 mara 60 gawa kwa 48, yaani 65. Halafu maswali matatu ya hadithi, na hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Wako watoto wanaosoma maneno 40 bila kukosea ambao hawawezi kukuambia nani alipotea sokoni. Tusome ni hodari kwa kasi kuliko kwa ufahamu, na anayenunua ajue hivyo.

Vigezo vya Kenya ni maneno 45 kwa dakika kwa msomaji fasaha wa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Kwa msomaji anayechipukia ni 17 na 30. Usizilinganishe lugha hizi mbili kwa nambari tupu. Neno "hatukuwaona" ni neno moja kwetu. Kiingereza kingehitaji maneno matano kusema hilo. Mtoto wa 45 za Kiswahili si mzembe kuliko wa 65 za Kiingereza. Tumeona maafisa wakimkaripia mwalimu wa Kiswahili kwa sababu nambari yake ni ndogo, na huo ni upungufu wa aliyesoma jedwali.

Kuhusu matokeo: katika kipimo cha mwanzo cha 2015, takriban theluthi moja ya watoto wa darasa la pili walifikia kiwango cha maneno 30 ya Kiingereza, kipimo cha 2016 kilikuta karibu theluthi mbili. Wasioweza kusoma hata neno moja la Kiingereza katika darasa hilo walishuka kutoka asilimia 38 hadi 12. Kwa mpango wa nchi nzima, katika muda mfupi hivyo, hilo ni jambo zito. Lakini igeuze nambari uione upande wa pili: zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi bado alikuwa hasomi kitu, na hao ndio tuliowataja hapo juu, ambao kalenda iliwaacha.

Hesabu ya kalenda ya CSO ndiyo ambayo wakurugenzi wengi huiruka, kisha wanashangaa. Chukua kanda ya shule 18, kila moja na walimu wanne wa gredi ya 1 hadi ya 3. Hao ni walimu 72. Masomo ya lugha ya gredi za chini hufundishwa asubuhi, na watoto hao hurudi nyumbani mchana, kwa hiyo ziara mbili kwa siku ndicho kiwango cha juu kama shule ziko mbali. Siku tatu za uwanjani kwa wiki, kwa sababu mikutano na michezo haijaisha. Wiki kumi zenye kazi ya kweli kwa muhula, ukiondoa ufunguzi na mitihani. Mara mbili mara tatu mara kumi: ziara 60. Walimu 72. Maana yake hata bila siku moja ya mvua, si kila mwalimu ataonwa muhula huu. Kwa kanda kama hiyo, panga hivi: walimu ambao watoto wao watatu walipata chini ya 17 za Kiswahili waonwe mara mbili, walio katikati mara moja, walio juu ya 45 wapigiwe simu na kutembelewa muhula ujao. Kugawa ziara sawasawa kwa wote kunaonekana haki na hakuinui mtu.

Nauli itoke wapi sasa? Fedha za elimu bila malipo, shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, ni za shule na zina vichwa vyake vya matumizi, usizitegemee. Tanzania ilitatua sehemu ya tatizo kwa kuwapa Maafisa Elimu Kata pikipiki, na kwa miaka ya kwanza ilileta tofauti, hadi swali la mafuta na matairi lilipoingia. Chombo bila bajeti ya mafuta ni mapambo ya uani. Weka nauli ya ziara 60 kwa kila CSO kwenye bajeti kabla hujaagiza kitabu kimoja. Kama haitoshi, punguza kanda unazoanza nazo, usipunguze ziara.

Vishikwambi tunavitaja haraka kwa sababu kila mkutano huvitumia saa nzima. Kisumu, wakati wa PRIMR, walilinganisha njia tatu: vishikwambi kwa maafisa wa kusaidia walimu, vishikwambi kwa walimu, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa tofauti ya maana katika usomaji, na zote zilikuwa ghali kwa kila hatua ya faida kuliko PRIMR ya kawaida isiyo na vifaa hivyo. Kishikwambi kimoja kwa CSO kinatosha. Hata kisipokuwepo, fomu ya karatasi na saa ya simu hufanya kazi ile ile, ilimradi kuna mtu wa kuingiza nambari ofisini kila Ijumaa.

Bidhaa shindani inayostahili kutazamwa ni ya upande wa pili wa mpaka. KiuFunza ya Twaweza, iliyojaribiwa Tanzania 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, ilitoa kwa shule nyingine ruzuku ya shilingi 10,000 za Tanzania kwa mtoto, nyingine bonasi ya 5,000 kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu somo na 1,000 kwa mwalimu mkuu, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikusogeza kujifunza. Vyote viwili pamoja vilisogeza. Wale wanaodhani kaunti ndogo huinuliwa kwa kupeleka pesa shuleni na kusubiri wasome matokeo hayo mara mbili. Hata hivyo KiuFunza inahitaji watahini huru kila mwisho wa mwaka na malipo yasiyochelewa. Bonasi ikichelewa mwaka mmoja, mwaka unaofuata hakuna atakayeiamini. Kwa ofisi ambayo hulipa posho za semina baada ya miezi minne, tunasema chagua Tusome.

Jambo moja huua mpango kimyakimya: upangaji wa walimu. Mwalimu amefundishwa, ameonwa mara tatu, watoto wake wanapanda, Januari anapelekwa gredi ya 6 kwa sababu ya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi hiyo, na gredi ya 1 inapewa mwalimu aliyebakiza miezi minane kustaafu au mwanafunzi wa mazoezi. Hakuna mwongozo unaotibu hilo. Mkurugenzi aandikiane na walimu wakuu kwamba mwalimu wa gredi za chini aliyefunzwa hatahamishwa ngazi kabla ya miaka mitatu, na CSO alikague jedwali la vipindi wiki ya kwanza ya Januari, kabla halijabandikwa ukutani.

Alama zetu, kwa anayezitaka: vitabu 4 kati ya 5, moja imekatwa kwa ajili ya stoo. Mwongozo 4 kwa darasa la kawaida, 2 kwa mtoto aliyeachwa nyuma. Vishikwambi 2. Ziara 5 zikiwa na nauli, 0 zikiwa hazina. Kwa kaunti ndogo yenye CSO wanaotoka ofisini na mkurugenzi anayefungua jedwali la ziara katika mkutano wa kila mwezi, inunuliwe. Kwa ile ambayo CSO wake wawili wamekaimishwa kazi nyingine na nafasi mbili ziko wazi, jazeni nafasi kwanza. Vitabu vikifika kabla yao vitaingia stoo, na ufunguo utakuwa na mwalimu mkuu.